Nyasi Bandia Juu ya Udongo wa Mfinyanzi: Anza na Njia ya Maji

Mashariki na kusini mwa Nairobi, kuanzia Embakasi na Utawala hadi Syokimau, Athi River na Kitengela, nyasi bandia zimeenea katika nyumba za familia. Sababu zinaeleweka. Udongo mweusi wa pamba uliotanda huko hupasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito wakati wa masika. Nyasi za kupanda zinadai maji, na katika mitaa mingi ya huko maji hununuliwa kwa lori. Mzazi anataka mahali safi pa watoto kuchezea, na zulia la kijani linaonekana kumaliza shida zote kwa siku mbili.

Shida haziishi kwa zulia. Nyasi bandia hufunika udongo bila kuubadilisha. Maji ya mvua yakipita kwenye matundu ya zulia hukutana na mfinyanzi uleule, na mfinyanzi ukikataa kuyapokea hubaki hapohapo. Mvua za Aprili zikifika, zulia linachuruzika maji kila unapokanyaga, linaota ukungu kwenye maungio, linanuka, linavimba hapa na kudidimia pale. Familia iliyotumia akiba yake inaanza kulaumu nyasi, wakati lawama ni ya kazi iliyofanywa chini yake, au ambayo haikufanywa kabisa.

Kinachoharibu kazi nyingi ni mpangilio. Watu huanzia dukani, wanachagua rangi na urefu wa unyasi, wanamwita fundi, na suala la maji linabaki la mwisho. Nakuomba uugeuze mpangilio huo. Amua kwanza maji yatatokea wapi. Ukishapajua mahali hapo, kina cha kuchimba, mteremko na aina ya mawe vyote vinapata jibu lake. Usipopajua, hakuna nyasi za bei yoyote zitakazokufaa.

Ili hesabu zieleweke, tuchukue uwanja mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho: mita 8 kwa 6, nyumba ikiwa upande mmoja wa mita 8, na ukuta wa uzio ukiwa upande wa pili. Msomaji wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu, au wa Shinyanga na Dodoma kwenye udongo wa mbuga, anaweza kuufuata bila kubadili mengi.

Ujue udongo wako

Mfinyanzi hutofautiana. Udongo mwekundu wa Kiambu, Kikuyu na Karen nao una mfinyanzi mwingi, lakini chembe zake hushikamana katika vibonge vidogo imara, na maji hupita katikati yake. Udongo mweusi wa pamba una madini ya jamii ya smektaiti, ambayo huvuta maji hadi ndani ya matabaka yake na kuvimba, kisha husinyaa yakikauka. Nyufa za Februari na tope la Aprili ni tabia mbili za udongo mmoja. Ardhi ya namna hiyo hupanda na kushuka kila msimu, pamoja na chochote kilichojengwa juu yake.

Kuna jaribio la mkono ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Chukua donge la udongo kutoka kina cha sentimita 20, lilowanishe, ulikande, kisha ulivingirishe uwe uzi mwembamba. Uzi ukikunjika kuwa pete bila kukatika, una mfinyanzi mzito.

Jaribio la pili ni la shimo. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana uleule, ulijaze maji, uyaache yanywee, ulijaze tena, na urudie hivyo kwa usiku mzima kabla ya kupima. Marudio hayo ndiyo yanayofanya jaribio liaminike. Wakati wa kiangazi maji ya kwanza hutoweka haraka kupitia nyufa, na mtu hudhani uwanja wake unakunywa maji vizuri. Udongo ukishavimba, nyufa hufunga na mlango umefungwa. Pima asubuhi inayofuata: maji yanashuka milimita ngapi kwa saa? Mfinyanzi uliolowa kwa kawaida hupitisha kati ya milimita 1 na 5 kwa saa, wakati mchanga hupitisha zaidi ya 30. Ukipata chini ya milimita 10, usitegemee udongo uyameze maji. Panga kuyatoa.

Hesabu maji kabla ya kuhesabu fedha

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wetu una mita za mraba 48. Mvua ya milimita 30 ikinyesha ndani ya saa moja, uwanja unapokea lita 1,440. Udongo ukinywa milimita 2 katika saa hiyo, umemeza lita 96 tu. Zaidi ya lita 1,300 zinatafuta pa kwenda.

Sasa inua macho utazame paa. Nusu ya paa inayomwaga upande wa uwanja huo, tuseme mita za mraba 60, inaongeza lita 1,800. Paa linaleta maji mengi kuliko mvua inayoangukia uwanja wenyewe! Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kutoa maji uwanjani ni mfereji mzuri wa paa na bomba linalopeleka maji kwenye tangi. Katika mtaa unaonunua maji kwa lori, tangi la lita 5,000 linakupa faida mbili kwa mkupuo mmoja: maji ya kufulia na kumwagilia, na uwanja uliopunguziwa zaidi ya nusu ya mzigo wake. Maji yanayozidi tangini yawe na bomba lake hadi nje, yasimwagwe uwanjani.

Angalia pia maji yanayoingia kutoka kwa majirani walio juu yako na kutoka kwenye maegesho yaliyosakafiwa. Kila unachoweza kukizuia kabla hakijafika kwenye nyasi kinakupunguzia kazi ya chini.

Tafuta mahali pa kutokea

Shauri moja hutolewa mara nyingi na mafundi wasioujua udongo huu: chimba shimo la kunyonya maji, ulijaze mawe, uelekeze maji humo. Kwenye udongo wa mchanga wa Pwani shimo hilo linafaa. Kwenye udongo mweusi wa pamba, shimo lililochimbwa ni bakuli la mfinyanzi: litajaa siku ya kwanza ya masika na kubaki limejaa. Likiwa karibu na nyumba, litaulowesha udongo wa upande mmoja wa msingi, udongo utavimba upande huo tu, na kuta zitapata nyufa. Kwa udongo huu maji yatoke kwa mteremko kwenda pembeni, mbali na msingi.

Pa kuyapeleka ni mtaro wa maji ya mvua wa barabara, mfereji wa pamoja wa mtaa, au sehemu ya chini ya kiwanja chako iliyo mbali na majengo. Bomba la majitaka silo mahali pake. Mvua ikilijaza, uchafu hurudi kwenye vyoo vya watu, pengine vyako mwenyewe. Wala usitoboe ukuta ukammwagia jirani. Mitaa mingi mipya ilijengwa kiwanja baada ya kiwanja, na kila ukuta uliziba njia ambayo maji yaliipitia tangu zamani. Kaa na jirani yako wa chini, mwonyeshe mpango wako, mkubaliane mfereji mmoja wa kupita mpakani. Mazungumzo ya jioni moja ni nafuu kuliko ugomvi wa kila msimu wa mvua.

Ukishapaona mahali pa kutokea, pima. Huhitaji mpimaji mwenye mitambo. Mpira mwangavu uliojazwa maji, ule ambao mafundi hutumia kuhamisha usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine, unatosha. Shika ncha moja kwenye usawa unaotaka nyasi ziwe kando ya nyumba, ncha nyingine uipeleke kwenye mtaro wa nje, kisha upime kutoka usawa wa maji hadi sakafu ya mtaro.

Katika mfano wetu hesabu iko hivi. Kando ya nyumba tunachimba sentimita 15 chini ya usawa wa nyasi. Uwanja unateremka sentimita 1.5 kwa kila mita, na kwa mita 6 hizo ni sentimita 9. Mfereji wa chini kando ya uzio unaanza na kina cha sentimita 30, na kwa kuwa unateremka sentimita moja kwa mita katika urefu wa mita 8, unaishia na sentimita 38. Bomba la kutolea maji, litakalolazwa ndani ya mfereji huo, linakaa juu ya sentimita 5 za kokoto. Jumlisha 15, 9 na 38, kisha utoe 5: bomba litatokea sentimita 57 chini ya usawa wa nyasi kando ya nyumba. Sakafu ya mtaro wa nje lazima iwe chini zaidi ya hapo, na kuwe na nafasi ili maji ya mtaro yakijaa yasirudi ndani.

Kama mtaro una kina cha sentimita 40 tu, umeligundua tatizo kabla ya kutumia fedha. Unaweza kuinua uwanja mzima, mradi nyasi zibaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani. Unaweza kuelekeza mteremko kwenye kona nyingine. Unaweza kujenga chemba ya zege yenye pampu ndogo inayojiwasha, ukijua kwamba pampu inategemea umeme, na umeme hukatika hasa wakati wa mvua kubwa. Chemba hiyo iwe na mfuniko unaobana, kwa sababu maji yaliyotuama kwenye joto hutoa mbu kwa wiki moja au mbili.

Kuchimba na kuteremsha udongo wenyewe

Chagua wakati. Udongo ukiwa tope usiuguse: kila hatua ya mguu na kila gurudumu la toroli huukandamiza na kuuziba zaidi. Ukiwa umekauka kabisa na nyufa zinameza mkono, nao si wakati mzuri, kwa sababu utavimba chini ya kazi yako mvua zikirudi. Kwa Nairobi, Juni hadi Agosti, baada ya masika, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, ndiyo miezi inayofaa. Ukilazimika kuchimba kwenye ukavu wa Februari, mwagilia eneo kidogo kidogo kwa siku kadhaa kwanza, nyufa zifunge.

Kabla ya sururu ya kwanza, tafuta mabomba ya maji, nyaya za umeme na chemba za majitaka. Mifuniko ya chemba iinuliwe ifikie usawa mpya. Usiizike chini ya nyasi, maana siku itakapohitajika kufunguliwa mtakata zulia.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipuuza ni hili: mteremko unatakiwa uanzie kwenye udongo wenyewe. Wengi huchimba shimo bapa, halafu hutengeneza mteremko kwa kokoto juu yake. Uso unaonekana vizuri, lakini maji hayasimami juu ya kokoto. Hushuka hadi kwenye mfinyanzi, na mfinyanzi ukiwa bapa au una mashimo ya chepe, maji hukaa humo miezi. Funga uzi kwenye vigingi, pima kila mita, kwangua vilima, jaza mashimo, hadi uso wa udongo uteremke sentimita 1 hadi 2 kwa mita kutoka nyumbani kwenda kwenye mfereji. Ushindilie kidogo tu, uwe laini na imara.

Usichanganye mchanga na udongo huu kwa matumaini ya kuulainisha. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hutoa kitu kinachokaribia tofali. Chokaa, inayotumika katika ujenzi wa barabara kupunguza uvimbaji wa udongo huu, huuimarisha, lakini haiyapi maji njia ya kutoka.

Jiandae na udongo utakaotolewa. Uwanja wetu pamoja na mfereji unatoa mita za ujazo 8 zikiwa bado ardhini, na udongo uliochimbuliwa huongezeka ujazo, kwa hiyo utaondoa zaidi ya mita 10. Kubaliana mapema na mwenye lori mahali pa kuupeleka. Ukiachwa barabarani, mvua itaurudisha kwenye mtaro uleule unaoutegemea.

Kitambaa, mawe na mfereji

Juu ya udongo tandika kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachofanana na blanketi jembamba, cha gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kazi yake ni kuutenga mfinyanzi na mawe. Bila kitambaa, udongo laini hupanda kati ya kokoto kila msimu, na baada ya miaka michache tabaka la mawe linakuwa tope lenye mawe. Vipande vipandane sentimita 30. Karatasi ya nailoni inayotandikwa chini ya sakafu za zege haichukui nafasi yake, maana hiyo huzuia maji, na hapa tunataka yapite.

Kisha mawe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu vifaa vilivyo rahisi kupatikana sivyo vinavyofaa. Moramu ni nzuri kwa barabara na kwa kujazia chini ya sakafu, lakini ikishindiliwa hufunga kama ilivyokusudiwa kufunga. Vumbi la mawe linalotoka machimboni nalo hushikana likilowa. Fundi atakusifia kwamba linatoa uso laini kama meza, na ni kweli, ila meza haipitishi maji. Unachohitaji ni kokoto safi za ukubwa mmoja, milimita 10 hadi 20, zisizo na vumbi. Zikiwa zimekuja na vumbi, zioshe kabla hazijaingia uwanjani.

Kokoto za ukubwa mmoja zina nafasi tupu ya karibu asilimia 40. Tabaka la sentimita 10 katika uwanja wetu ni mita za ujazo 4.8, na ndani yake mna nafasi ya lita 1,900 hivi. Kwa kuwa sakafu inateremka, nafasi hiyo haijai yote kwa usawa, lakini inatosha kupokea mvua kali ya saa moja huku bomba likiitoa taratibu. Tabaka hilo linapokea, linashikilia na linapitisha, wakati udongo haufanyi hata moja. Kwenye mfinyanzi mzito usishuke chini ya sentimita 10. Ukiweza kufika 15, fika, na uongeze kina hicho kwenye hesabu ya mtaro. Weka kokoto kwa tabaka mbili, kila tabaka ulishindilie kwa mashine ya kutetemesha, huku mteremko ukipimwa upya kila mara.

Mfereji wa chini una upana wa sentimita 30. Upige kitambaa ndani yake, uache kingo ndefu za kufunika juu. Weka kokoto sentimita 5, laza bomba la plastiki la milimita 100 lenye matundu, matundu yakitazama chini ili maji yakipanda tu yaingie, kisha ujaze kokoto na ukunje kitambaa kabla ya tabaka kuu kupita juu. Mwanzoni mwa bomba weka mdomo wa kusafishia unaofika juu wenye mfuniko, uweze kuingiza mpira wa maji na kusukuma uchafu. Ndani ya mita ya mwisho kabla ya ukuta tumia bomba lisilo na matundu, na mdomo wa nje uwe na wavu wa kuzuia panya. Uwanja ukiwa mpana zaidi ya mita 6 au 7 kutoka nyumbani hadi mferejini, ongeza mfereji wa pili katikati ili maji yasisafiri mbali.

Kando ya nyumba acha ukanda wa zege wa sentimita 60 hadi mita moja unaoteremka kwenda nje. Ukanda huo unalinda msingi, nyasi zianzie baada yake. Kwenye udongo unaovimba, ukavu wa msingi ni jambo zito kuliko uzuri wa uwanja.

Juu ya mawe

Juu ya kokoto tandaza sentimita 2 hadi 3 za kokoto ndogo sana, milimita 3 hadi 6, zisizo na vumbi, uzisawazishe kwa ubao mrefu na pima maji. Ndizo zinazotoa uso wa kulalia zulia. Kwa uwanja wetu kazi yote inahitaji karibu tani 8 za kokoto kubwa na mita ya ujazo moja na nusu ya hizi ndogo.

Sasa nenda dukani. Geuza zulia utazame mgongo wake: matundu yawepo katika eneo lote, yamefunguka kweli. Kuna mazulia yaliyotengenezwa kwa ajili ya baraza na roshani ambayo yana matundu machache au hayana kabisa. Omba kipande, ukiweke juu ya ndoo, umwage lita mbili za maji, utazame. Ukiongezewa sponji ya kulainisha chini kwa ajili ya watoto, nayo iwe na matundu. Fedha zikipungua, chagua nyasi fupi za bei ya chini, na usipunguze mawe. Nyasi zinabadilishika baadaye kwa siku moja, wakati kubadili kilicho chini ni kuanza upya.

Mchanga wa kunyunyiza kati ya unyasi uwe wa silika, uliooshwa na kukaushwa. Mchanga wa mtoni wenye udongo utaziba matundu uliyoyalipia. Kingo za zege upande wa chini ziachiwe matundu ya maji kila mita, zisiwe bwawa. Maungio yasilale sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika.

Acha mvua moja ipite

Usikubali zulia litandikwe kabla ya mawe kujaribiwa. Mwaga ndoo kumi za maji kwa mkupuo upande wa juu, mtu mwingine asimame kwenye mdomo wa bomba nje. Maji yaanze kutoka baada ya muda mfupi, yaendelee, kisha yapungue hadi matone. Yasipotoka, fukua na utafute kizuizi. Bora zaidi, subiri mvua moja kubwa ipite juu ya kokoto, kisha uchimbue mahali pawili au patatu kwa mkono utazame kama maji yamebaki juu ya kitambaa. Fundi atalalamika kwamba anacheleweshwa. Mlipe sehemu kubwa ya fedha zake kwa kazi iliyokwisha, baki ya malipo ingoje jaribio. Utaratibu huo uandikwe katika makubaliano tangu siku ya kwanza, na hakuna atakayejihisi ameonewa.

Kama zulia limeshatandikwa

Kwa aliyekwisha kutandika na sasa anaogelea, usikimbilie kung'oa yote. Anza juu: zuia maji ya paa yasifike uwanjani, na utazame mvua inayofuata. Mara nyingi hilo peke yake hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Kisha tembea juu ya zulia saa moja baada ya mvua, uweke alama za chaki pale panapotuama. Alama zikikusanyika ukingoni upande wa chini, kunja zulia ukingoni hapo kwa upana wa mita moja, uchimbe mfereji wenye bomba kama tulivyoeleza, kisha ulirudishe. Alama zikitapakaa uwanja mzima, chini kumefunga, pengine kwa moramu au vumbi la mawe. Hapo hakuna dawa ya juujuu. Zulia livingirishwe taratibu, lihifadhiwe kivulini, kazi ya chini ifanywe upya, kisha zulia lilelile lirudishwe. Kutoboa mashimo zaidi kwenye zulia hakusaidii kama maji hayana pa kwenda.

Wenye mbwa waongeze hili: mkojo usiopata maji ya kuusukuma hubaki kwenye mawe na kunuka wakati wa jua. Suuza sehemu wanazozipenda kila wiki, na uanze kwa kuhakikisha maji ya kusuuzia yanatoka nje.

Matunzo ya kawaida ni mepesi. Kabla ya masika na kabla ya vuli safisha mifereji ya paa, sukuma maji katika bomba kupitia mdomo wa kusafishia, ondoa takataka kwenye wavu wa nje, na upige nyasi brashi kuondoa majani na vumbi linaloweza kuziba matundu. Uzibue pia mtaro wa barabara mbele ya nyumba yako hata kama si wajibu wako, kwa kuwa ndio unaobeba maji yako.

Wakati wa kuacha

Kuna viwanja ambavyo nyasi bandia hazivifai: kiwanja kilicho chini kuliko barabara na majirani wote, kisicho na mtaro, ambacho hugeuka bwawa kila Aprili. Ukiwa na kiwanja hicho, fedha za nyasi zitumie kuinua ardhi kando ya nyumba, kujenga mifereji na tangi, na kuwakusanya majirani mdai mtaro wa mtaa kutoka serikali ya kaunti. Sehemu ya chini kabisa iache wazi, upande mimea inayovumilia maji, iwe mahali pa mvua kupumzika bila kumdhuru mtu.

Kama kiwanja chako kina pa kutolea maji, fanya kazi kwa mpangilio tuliouona: zuia maji ya paa, pima mtaro, teremsha udongo, tandika kitambaa, laza bomba, weka mawe safi, jaribu kwa maji, na mwisho kabisa nunua nyasi. Fundi wa kwanza atakayekuja kukupa bei, muulize swali moja kabla ya mengine yote: maji yatatokea wapi? Akikuonyesha mahali kwa kidole na kukutajia kina chake, endelea naye. Akianza kukuonyesha sampuli za rangi, mshukuru kwa heshima na umtafute mwingine.